Gauni la Mtu Mwingine

Kabla hakujapambazuka, gurudumu la kigari hulia kwi, kwi, kwenye korido. Hizo ni nguo zetu. Hapa kwenye nyumba ya wazee nguo hufuliwa pamoja, kisha kila mtu hupewa inayomtosha.

Jirani yangu wa kitanda tunamwita Fundi. Alishona nguo za watu miaka arobaini. Siku ya kwanza alipewa gauni la mtu mwingine, akasema si lake. Mlezi ni binti mpole, ila ana haraka. Alimfunga vifungo huku akimwambia atulie kama mtoto mzuri. Siku ya pili Fundi akasema tena. Siku ya tatu akanyamaza. Baadaye akaacha na chakula.

Mwanawe alipokuja, alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Alisema mama kazeeka tu. Muuguzi akamvutia kiti. Akamweleza kwamba uzee haumnyimi mtu chakula na maneno wiki tatu. Huo ni ugonjwa wa huzuni, nao unatibika. Alisema atamwita daktari, lakini dawa peke yake haimtoshi mtu anayeamuliwa kila kitu.

"Mara ya mwisho kumuuliza mama anataka nini ilikuwa lini, kaka?"

Mwana akatazama funguo zake. "Hata kumleta hapa sikumuuliza. Na cherehani yake nimeshaigawa."

Fundi alisikia. Aligeukia ukuta, akalia.

Cherehani haikurudi. Daktari alikuja, akaanza matibabu. Muuguzi alileta sindano na nyuzi, akamwomba Fundi atie alama nguo zetu, kila mzee achague rangi yake. Mlezi naye alijifunza kungoja Fundi ajifunge vifungo mwenyewe, hata dakika kumi. Polepole sahani yake ikaanza kurudi tupu. Mimi nilichagua manjano. Fundi akaniambia rangi hiyo inamfaa mgonjwa wa homa.

Mwanawe alirudi baada ya miezi miwili. Kifungo cha shati lake kilining'inia. Fundi akakishona pale pale, bila kumvua, akakata uzi kwa meno. Kisha akashika kifungo cha chini yake. Nilikiona kile kifungo. Kilikuwa imara kabisa.

"Hiki nacho kimelegea," alisema. "Leo nimechoka. Nitakishona Jumapili. Utakuja tena, mwanangu?"