Taa Nyeupe Ndani ya Redio ya Babu

Kila siku saa kumi jioni, Chiriku alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi kwenye redio ya Babu. Darasani alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Redio yenyewe ilikuwa sanduku zito la mbao, la zamani hasa, na ndani yake mlikuwa na taa tano ndogo za kioo. Ukiiwasha haikusema papo hapo. Ilibidi taa zile zipate moto kwanza, ndipo sauti ianze kutoka.

Dakika hiyo ya kungoja ndiyo aliyoiogopa Chiriku. Redio ilinguruma chinichini, kisha ikakwaruza mara mbili, sawasawa na Babu alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kusema jambo. Na Babu alikuwa amefariki mwaka uliopita. Bibi aliposikia mkwaruzo ule alitabasamu na kusema, "Haya, mwenyewe ameamka." Chiriku alisisimkwa mwili mpaka kisogoni.

Enzi za uhai wake, Babu alikuwa mtu wa utani. "Siku redio hii itakapozimika, mke wangu, ujue nimekuja kukuchukua," alizoea kusema, na nyumba nzima ikacheka. Tangu afariki, hakuna aliyeurudia utani huo.

Jumamosi moja asubuhi, Mama alimpeleka Bibi hospitali kuchukua dawa za presha. Chiriku alibaki peke yake na redio. Alikuwa amechoka kuogopa, akataka kujua ni nini kinachokohoa mle ndani. Alichomoa waya ukutani, akafungua ubao wa nyuma, akachungulia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vumbi, nyaya, na zile taa tano zimesimama kimya. Akachomoa moja aitazame vizuri, ikamponyoka na kugonga sakafu. Haikupasuka vipande, ililia tu "tik". Aliirudisha mahali pake upesi, akafunga ubao, akarudisha waya ukutani, akanawa mikono mara mbili.

Jioni ile Bibi alizungusha kitufe. Wakangoja dakika moja, mbili, tano. Redio haikunguruma wala kukwaruza.

"Kuna mtu ameigusa?" Mama aliuliza.

Chiriku aliruka kimanga. "Mimi sijui chochote, Mama."

Bibi hakumuuliza mtu. Aliweka kiganja chake juu ya sanduku, akakiacha pale kwa muda mrefu. "Basi," alisema polepole. "Amekuja."

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Saa kumi ikifika, Bibi aliketi mbele ya redio iliyokufa, akitikisa kichwa kama mtu anayejibu maswali. Alitoa shuka lake jeupe, akalifua, akalikunja vizuri. Alimgawia Mama sufuria zake. Chiriku naye alipiga kimya, na kila alipopita sebuleni alidhani anasikia koo likisafishwa, ingawa waya wa redio ulikuwa umeshachomolewa, umelala sakafuni.

Alhamisi alipotumwa uzi, alifungua kopo la Bibi la kushonea. Chini ya vifungo alikuta vidonge vitano vimefungwa kwenye karatasi.

"Bibi, mbona hujameza dawa zako?"

"Mtu anayeondoka anameza dawa za nini, mke mwenzangu?" Bibi alimjibu kwa upole, kana kwamba wanaongea habari za mvua.

Sasa Chiriku alielewa. Bibi yake alikuwa akijiandaa kufa, na katika nyumba ile yeye tu ndiye aliyejua kwamba hapakuwa na safari yoyote. Akavikamata vile vidonge mkononi.

Wakati huohuo Mama aliingia na fundi wa redio, mzee mmoja aliyeitwa Taratibu kwa jinsi alivyofanya kazi bila haraka. Fundi alianza na ukuta. Alichomeka taa ya mezani, ikawaka, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Alipima waya wa redio kwa mita yake, mzima. Alitoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, nzima. Swichi nayo haikuwa na neno.

"Ajabu hii," alisema. "Umeme unafika mpaka ndani, lakini hakuna taa hata moja inayopata moto. Sasa itabidi nizichomoe taa, nizipime mojamoja."

"Hapana," Bibi alisema. "Hizo marehemu alizipanga kwa mkono wake. Hakuna wa kuzigusa. Funga tu, baba. Redio haiumwi. Mwenyewe ameizima."

Fundi alimtazama Mama. Mama aliinamisha macho. Fundi akachukua bisibisi na kuanza kufunga.

Chiriku aliona skrubu ya kwanza ikiingia, kisha ya pili. "Kuna aliyezigusa," alisema, kwa sauti ndogo.

"Nani?" Mama aliuliza.

"Mimi. Jumamosi. Niliiangusha ile ya mwisho, ya upande wa dirisha." Machozi yalikuwa yameshaanza kumwagika. "Nilidhani Babu yumo, nikataka kumwona. Bibi, Babu hakuizima. Ni mimi." Akafungua kiganja na kuviweka vidonge mezani. "Na Bibi hamezi dawa."

Mama alishika kinywa. Bibi alimtazama mjukuu wake, akatazama redio, akamtazama tena. "Toa hiyo aliyoisema," alimwambia fundi.

Fundi aliichomoa na kuiinua dirishani. Taa zile nyingine nne zilikuwa na doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ya Chiriku ilikuwa na doa jeupe, kama jicho la mzee asiyeona.

"Imeingiwa na hewa, uzi wake wa ndani umeungua," fundi alisema. "Ina ufa mwembamba kuliko unywele. Na taa hizi zimeunganishwa mstari mmoja, umeme upite hii ndipo ufike ile. Ikifa moja, zote hubaki baridi." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe usirudie. Redio ya namna hii hata ukichomoa waya, umeme hubaki umejificha ndani. Una bahati sana."

Karakana yake haikuwa mbali. Baada ya nusu saa alirudi na taa ya kufanana na ile, akaichomeka, akaunganisha redio kwa kupitia balbu ya kawaida, ili kama kuna hitilafu nyingine, balbu iwake sana na redio isiungue. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Ndani ya sanduku, taa tano zikaanza kuwa nyekundu. Redio ikanguruma, ikakwaruza mara mbili. Chiriku akamkumbatia Mama.

"Hiyo kelele ni kifaa kimechakaa," fundi alieleza. "Naweza kukibadilisha."

Bibi aliisikiliza kelele ile hadi wimbo ulipoanza kusikika. "Kibadilishe, baba," alisema. "Marehemu apumzike."

Kisha akamwita Chiriku, akamketisha karibu naye.

"Mikono huteleza, hilo si kosa kubwa. Lakini ulinyamaza siku tano ili usigombezwe, na siku hizo tano mimi nilikuwa nakunja sanda yangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Hata mimi nilikosea, nikamsingizia marehemu kabla ya kuwauliza walio hai. Kuogopa si dhambi, mjukuu wangu. Ila siku nyingine ukiogopa, usingoje woga uishe. Njoo uniambie ukiwa unatetemeka hivyohivyo."

Bibi akanyoosha mkono kuelekea vidonge.

"Kimoja tu, Mama, cha leo," Mama alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari."

Chiriku alikimbia kuleta maji. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili mpaka Bibi alipomaliza kumeza.