Uso Aliouhifadhi Bwana Vifaa

Kiboksi kilitua kwenye kiti kitupu.

Ni kile kiboksi cha kijani ambacho kamera za siku hizi huchora juu ya uso wa mtu ili mpigaji asikosee. Mke wa Bwana Vifaa alikuwa ameketi dirishani, maana kila mumewe alipoleta kifaa kipya, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa majaribio. Kiboksi kikamruka, kikaenda kwenye kiti cha kando, pale ambapo uso ungekuwa kama kuna mtu amekaa.

Bwana Vifaa ni jina alilopewa na wapiga picha wenzake kwa dharau, na alistahili. Kabati lilijaa lenzi, picha ya maana hakuna. Picha zikiharibika, ananunua begi. Mwanga ukimshinda, ananunua flashi. Macho aliyozaliwa nayo, ya bure, hakuyatumia kabisa. Lenzi hii mpya aliipata kwa mpiga picha aliyekuwa akifunga studio yake, akamkabidhi na kumwambia, "Usimpige nayo picha mtu unayempenda." Bwana Vifaa akacheka. Washamba hushindwa na mashine, alisema, wakasingizia majini.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, "huku kuna harufu ya nywele zilizoungua."

"Tulia bwana. Ukitikisika unaniharibia."

Kamera ikauliza: Uso huu uhifadhiwe? Kamera hizo hukumbuka uso unaoujali, ili hata kwenye umati ziutafute huo kwanza; wa mkewe alikuwa ameshauhifadhi zamani. Mwenye akili angezima. Bwana Vifaa akakiinamia kile kiti kwa kejeli. "Karibu mgeni. Jisikie nyumbani." Akabonyeza ndiyo. Wajinga ndio waliwao, na huyu alijipakua mwenyewe.

Tangu hapo mkewe hakutoka tena vizuri pichani. Ukuta nyuma yake ulionekana mpaka nyufa, uso wake ukawa ukungu. Halafu simu yake ikakataa kumtambua. Jirani aliyemzoea akampita mlangoni bila salamu. Mume mwenyewe, wakiwa mezani, ilimbidi akaze macho aone pua ya mkewe iko wapi. Na ndani ya begi lililofungwa zipu, lenzi isiyo na betri ikawa inajizungusha, zzz, zzz, kama inamtafuta mtu, na ile harufu ikapanda mchana kweupe kutoka jikoni mpaka kitandani, na kile kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia, kikawa kinalia kidogo kila mke alipopita, kana kwamba kuna anayejisogeza ampishe.

"Nafutika," mke alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nakuomba, mwite mganga."

Hapo hofu ikamshika Bwana Vifaa. Pamoja na ujinga wake wote, alimpenda mwanamke huyu.

Mganga, mama mtu mzima, alimjibu kwenye simu. "Ulimkaribisha mwenyewe, utamtoa mwenyewe. Lakini usiguse kitu mpaka nifike. Huyo anajua kuvaa sura."

"Sawa, mama." Akakata simu, akasonya. Mtu asiyejua hata kadi inaingizwa upande gani, aje amfundishe kamera! Akafungua mahali pa nyuso zilizohifadhiwa. Zilikuwa mbili, na zote za mkewe. Moja safi, kila unyusi umejichora. Nyingine ukungu mtupu, mdomo wazi.

"Tumngoje, mume wangu," mke alimsihi, akamshika shati. "Tafadhali."

Hakungoja. Kwa mpiga picha wa aina yake, picha yenye ukungu ni takataka, haina mjadala. Akaichagua hiyo. Futa? Ndiyo.

Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameketi dirishani, uso umetakata, anatabasamu bila kupepesa. Bwana Vifaa karibu alie kwa furaha. Hodi ilipopigwa, akaenda kufungua amejaa majivuno.

"Umechelewa, mama. Nimeshamaliza mwenyewe. Mke wangu yule pale, mzima kabisa."

Mganga alitazama dirishani, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Kama yule ndiye mkeo," alinong'ona, "huyu anayekuvuta shati huku analia ni nani?"

Bwana Vifaa akageuka. Hakuona mtu.