Jiwe Linalofuata

Mwanaasha alikuwa akichambua maharage, lakini akili yake haikuwa kwenye ungo. Mabovu aliyatia chunguni, mazima akawatupia kuku. Kila mara aliinuka kuchungulia njia inayoshuka Morogoro mjini.

"Hatibu! Bado hujaenda kukimbia?"

"Ndiyo kwanza nimerudi, mama."

"Basi rudia!"

Jumamosi, boma la Wajerumani lingechagua tarishi wa kupeleka barua milimani. Kijana asiyekuwa na kazi ya serikali angepelekwa kulima pamba kwenye shamba la mzungu, mbali huko bondeni. Waliochukuliwa mwaka uliopita hawakuwa wamerudi. Na Hatibu alikuwa mtoto wake wa pekee.

Mlimani kote hakuna aliyemweza Hatibu kwa mbio. Lakini katika jaribio la kwanza la kukimbiza barua hadi bomani alianguka mtoni mbele ya watu. Barua, iliyobanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha, ikalowa chepechepe. Wenzake nao walifanya vibaya. Akida, msimamizi wa serikali, akawafukuza wote. "Hapa sijaona tarishi. Mtarudia Jumamosi!"

Jioni hiyo jirani yao Pili alikuja kuazima mchi. Pili ndiye aliyeongoza ngoma za harusi pale kijijini.

"Shikamoo, shangazi," alisema Hatibu.

"Marahaba. Hebu niambie, ulipofika mtoni uliwaza nini?"

"Nisianguke."

"Nani alikutia wazo hilo?"

Hatibu akamtazama mama yake kwa pembe ya jicho. Pili akaangua kicheko.

"Mwanaasha, nilikuwepo! Ulipanda juu ya mwamba ukapiga kelele: 'Usianguke! Usilowanishe barua! Usinitie aibu!' Hata waliokuwa sokoni walikusikia."

"Nilikuwa namtia moyo!"

"Ulimtia woga. Mtu akiwaza kuanguka, macho yanakwenda penye utelezi, na mguu unafuata macho. Mwambie la kufanya. La kuogopa analijua."

Mwanaasha akaingia ndani kuutafuta mchi.

"Shangazi, hata kabla sijaanza moyo hunidunda," Hatibu alisema. "Basi najua nimeshindwa."

"Hujashindwa. Mwili unajiandaa kwa kazi. Mimi pia hunidunda kabla ya ngoma. Ukizidi, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, legeza mabega. Halafu acha kumuwaza akida. Huwezi kumwamulia. Huwezi kuwapunguzia wenzako mbio. Kilicho chako ni hatua yako. Chagua neno moja la kushika akilini."

Hatibu akafikiri. "Jiwe. Jiwe linalofuata."

Tangu hapo walishuka mtoni kila asubuhi. Hatibu alivuka akiwa na kijiti mkononi, huku Pili akipiga ngoma na kumzomea: "Miguu ya bata hiyo! Mpisheni bata!" Alitaka azoee makelele. Mwanaasha aliruhusiwa neno moja tu.

"Jiwe!" alisema. "Na usi—"

Pili akamtolea macho.

Jumamosi ilifika. Mwanaasha alisimama mtoni katikati ya watu, hatulii, mara mguu huu, mara ule. Vijana wawili walivuka mbio, wakirusha maji. Hatibu alikuwa nyuma yao. Mwanaasha akauma pindo la kanga. Akavuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu zaidi. Maneno yote ya zamani yalimjaa kooni.

Kwenye jiwe la kwanza, mguu wa Hatibu uliteleza. Watu wakapiga yowe.

"Jiwe!" aliita Mwanaasha.

Hatibu hakugeuka. Mabega yake yalishuka. Macho yakaenda kwenye jiwe lililofuata, mguu ukafuata, kisha jingine, na jingine, mpaka ng'ambo. Hapo akafyatuka.

Karibu na boma alimpita mmoja, lakini mwingine akamtangulia kufika. Akida akapokea barua ya yule wa kwanza. Ilikuwa inachuruzika maji. Akapokea ya Hatibu, akaipapasa mbele na nyuma. Kavu.

"Mzungu hasomi matope," akida alisema, akamgeukia Hatibu. "Wewe, kesho alfajiri uje hapa."

Alfajiri iliyofuata Hatibu alifunga shuka kiunoni, tayari kwa safari yake ya kwanza. Mwanaasha alisimama mlangoni. Alitaka kumwambia habari za nyoka, mvua, chakula na watu wabaya.

"Jiwe, mwanangu," alisema.

"Mama, leo sipiti mtoni."

"Mawe yako kila mahali. Nenda."