Kuku wa Bi Zubeida

"Mkate wote huo unapeleka wapi, harusini?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana aliyeulizwa aligeuka, mifuko miwili ya mikate kaikumbatia kifuani, fulana yake ya mradi imepigwa pasi mpaka mikononi. Nyuma ya meza mwoka mikate alikuwa anakung'uta trei tupu. Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka ule wa 2019 ndivyo ilivyokuwa: gesi imepatikana baharini, watu wamemiminika kutoka kila pembe, malori yanapigiana honi mtaani, na mkate ukiuchelewa kidogo tu umeukosa.

"Ni ya wageni, dada."

"Na sisi wenyeji tule vumbi?"

Msemaji alikuwa Haula, gauni la kijani limemkaa sawasawa kiunoni, mtandio wa maua mabegani, miwani ya jua kaipandisha kichwani. Ungedhani kashuka kwenye ndege, kumbe kazaliwa mtaa wa nyuma tu, kwa Mzee Mwinyimadi, muuza vitambaa aliyetokea Mtwara. Njaa ilikuwa inamuuma, na Haula mwenye njaa hana simile.

Kijana alimtazama, akatoa mkate mmoja. "Chukua. Nitawaambia wageni nimeporwa."

"Umeporwa na nani?"

"Si bado hujaniambia jina."

Hakumwambia. Lakini kabla jua halijapanda vizuri walikutana tena, ofisini kwa mradi, Haula akitambulishwa kuwa ndiye mkalimani mpya na makombo ya mkate bado yako mdomoni. Kijana, Ussene jina lake, alijiuma midomo asicheke. Haula akakanyaga kiatu chake chini ya meza.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuku. Ulifadhiliwa na nchi moja ndogo ya baridi huko Ulaya, ambayo Palma wengi walikuwa hawajaisikia hata kwa bahati mbaya. Nchi ndogo ina tabu yake jamani: kubwa ikikosea hakuna anayeona, ndogo ikikosea mara moja bunge lao zima linajua. Ndiyo maana walimtuma Dona Marta, mama mwembamba mwenye kofia pana, aje atathmini. Kuku waligawiwa wanawake wa Quitunda, kijiji walikohamishiwa watu waliopisha mitambo ya gesi, wafuge na wauzie kambi ya gesi mayai. Ussene ndiye fundi wa mifugo, na mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wafugaji. Dona Marta akisema mradi uendelee, Ussene anapata mkataba wa miaka mitatu. Akisema ufungwe, basi.

Walizunguka pamoja wiki mbili, na mapenzi yakafanya kazi yake. Haula akirudi tu nyumbani, simu inalia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ussene, hii nayo ni tathmini?"

"Ndiyo. Swali la pili: umenikumbuka?"

"Andika hapo, mhojiwa alikataa kujibu."

Alimpenda, hakuna la kuficha. Alimpenda mpaka akiwa kazini anakosea kutaja namba. Lakini Palma haikuwa na utulivu hata kwa wapendanao. Helikopta zinapita juu ya mapaa, habari za waasi barabarani si nzuri, watu wanalala sikio moja wazi. Ussene mwenyewe akiongea na simu hakai, anatembea tu uani.

"Haula wangu, mkataba ukiongezwa, namleta mama kwenu kuposa. Nimeshamwambia."

"Na usipoongezwa?"

"Usiniharibie siku, mpenzi. Kesho Quitunda ndiyo mwisho. Tafsiri tu vizuri."

Kesho yake wanawake wa Quitunda walikaa kwenye mikeka, kivuli cha nyumba za matofali kikiwaangukia magotini. Bi Zubeida, mama yake Ussene, alikuwa mbele, usoni kapaka msiro, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, kanga mbili safi. Ussene alisimama kando ya banda la kuku.

"Waulize," Dona Marta alisema kwa Kireno, "wangependa mradi uendelee miaka mitatu zaidi?"

Haula akauliza. Bi Zubeida akamtupia mwanawe jicho, kisha akasema, "Mwambie tunashukuru."

"Mnashukuru, mama?"

"Tunashukuru sana, mwanangu. Tunashukuru." Na wenzake wote: tunashukuru.

Dona Marta akatabasamu. Neno hilo alikuwa ameshajifunza. Haula ndiye aliyeingiwa na baridi. Karibisha mtu sahani ya pili ya wali, akikwambia nashukuru, unaondoa sahani. Hakuna mtoto wa pwani asiyelijua hilo.

"Mama," aliinama, akauliza polepole, "mnashukuru mnataka, au mnashukuru basi?"

Bi Zubeida akatazama mkeka. "Wewe si wa hapahapa? Umesikia."

Ussene kule bandani alikuwa anamwitikia kwa kichwa: sema, sema. Haula alimwona. Angesema "wamefurahi" nani angemshitaki? Akamgeukia Dona Marta.

"Wanatoa asante," alisema kwa Kireno, "lakini wanasema inatosha. Hawataki tena."

Dona Marta aliuliza kwa nini. Wanawake wakanyamaza kimya, kwa sababu mtoto wa mwenzao kasimama pale.

Jioni simu ililia, na safari hii haikuanza na umekula.

"Mama kasema tunashukuru! Ungetafsiri neno kama lilivyo!"

"Ndivyo nilivyofanya. Ussene, na wewe unajua."

"Ninachojua ni kwamba hunipendi."

"Nakupenda, mshenzi wee, ndiyo maana nimetetemeka mbele ya watu wote wale..."

Alikuwa anaongea peke yake. Simu ilishakatwa.

Siku zilizofuata Ussene hakupiga wala hakupokea. Alikwenda kwa mama yake akamkuta anawatupia kuku pumba, uso hauna raha.

"Mama, ulimaanisha nini siku ile?"

"Nikuaibishe mbele ya wageni?" Bi Zubeida alisimama, mkono kiunoni. "Kuku hawa nawalisha kwa ajili yako. Mimi maisha yangu yote nimeokota chaza kwenye miamba, maji ya bamvua yakitoka mbali, na wenzangu, tunaimba. Sasa kutoka huku mpaka pwani, nikifika maji yamesharudi. Hakuna aliyeniuliza hilo. Wameniuliza kuku."

Ussene alimpokea pumba, akamalizia kulisha mwenyewe.

Mkutano wa mwisho ulifanyika ofisini. Mkuu wa mradi, bwana Abdurremane, alikuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, tai imemkaba na hasira zimemkaba zaidi.

"Mkalimani huyu baba yake Mtanzania," alisema. "Maneno ya hapa hayajui. Amepotosha. Mtu wa namna hii asipewe kazi tena na mradi wowote."

Haula alisimama karibu na mlango, vidole vinasokota mtandio. Dona Marta akamgeukia Ussene. "Wewe ni mwenyeji, na yule ni mama yako. Alitafsiri sawa au hakutafsiri sawa?"

Mkuu alimkazia macho Ussene. Mkataba ulikuwa kwenye ulimi wake tu. Neno moja na anao. Alifuta jasho kwa mkono wa fulana.

"Alitafsiri sawa," alisema. "Nilijua palepale. Mama yangu hataki kuku. Anataka gari la kuwafikisha yeye na wenzake pwani, siku za bamvua."

Dona Marta alivua miwani. "Gari naweza kuliandika kwenye ripoti. Siwezi kuliahidi. Ila kuku wataishia hapa."

Nje malori yalikuwa yanapita, vumbi tupu. Haula alimfuata mbio mpaka barabarani.

"Ussene! Sasa itakuwaje?"

"Mwezi ukiisha narudisha pikipiki ya kazi na fulana."

"Fulana irudi tu, haikupendezi."

Ussene alicheka huku macho yamemlowa. "Nilikukatia simu."

"Ulinikatia. Nililia mpaka nyumbani wakadhani nina malaria."

"Nisamehe, mpenzi."

"Njoo kwetu na Bi Zubeida, ndiyo nikusamehe."

"Nije kuposa?" Ussene alisimama katikati ya njia, dereva akampigia honi. "Haula, baba yako ataniuliza nafanya kazi gani."

"Ataanza na hilohilo."

"Nimjibu nini?"

Haula alikuwa na lugha tatu kichwani, angeweza kumpangia jibu zuri la kumtoa. Akamvuta pembeni malori yapite.

"Mwambie huna kazi. Mwambie hivyohivyo. Nitakuwa nyuma ya pazia nasikiliza, na ukiongeza neno, natoka mwenyewe nakusahihisha."