Havibani, Alisema Kocha

—Vinakubana wapi, dada?

—Havibani, alijibu Kocha.

Muuzaji alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la duka, kidole gumba chake kikibonyeza ncha ya kiatu. Aliyeulizwa alikuwa muuguzi, aliyesimama juu ya viatu vya magurudumu, yale ya mstari mmoja, huku ameng'ang'ania rafu kama mtoto anayejifunza kutembea. Kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kinawaka moto. Alifungua mdomo, akamwona Kocha, mchumba wake, akitabasamu kwenye kioo, akaufunga.

Harusi ilikuwa mwezi ujao. Kocha alifundisha vijana kuteleza kwa magurudumu, na alitaka waingie ukumbini hivyo hivyo, wameshikana mikono, gauni likipepea. Muuguzi alilipenda wazo hilo. Alimpenda na Kocha mwenyewe, tangu siku alipoletwa hospitali na kiwiko kilichopasuka, akawavunja mbavu wagonjwa wote huku akishonwa.

Muuzaji alieleza taratibu. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma kidogo. Kisigino kitulie, kisipande. Ukisikia ganzi au moto, kiatu hicho si chako. Akashauri wajaribu namba moja juu, yenye upana zaidi mbele. Kocha akacheka, akasema mguu wa mke wake anaujua yeye, na viatu vikubwa kwenye picha vinaonekana kama mabeseni. Hivi vitaachia vyenyewe.

Simu yake ikaita. Akatoka nje kuipokea.

Muuzaji alitazama mlangoni, kisha akainama akijifanya anaweka kamba sawa.

—Dada, sipendi kuingilia ya watu. Lakini mwaka juzi alimleta mwingine, akakaa benchi hili hili. Alinitambulisha kuwa ni mchumba wake. Rangi hii, namba hii. Nikimuuliza yule dada, anajibu Kocha.

—Ameniambia mimi ndiye mchumba wake wa kwanza.

—Sijui alichokuambia. Viatu Kocha alivirudisha peke yake, kitambaa cha ndani kina damu kisiginoni. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akasema alikuwa mdekaji.

Kidonda cha kiatu muuguzi alikuwa anakijua. Hakitoi damu mpaka mtu awe amevumilia mno, au amezuiwa kuvua.

Kocha alirudi.

—Vinaniumiza, muuguzi alimwambia kabla hajafika.

—Haviumi.

Alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto alale. Akapiga magoti, akaushika mguu, akakaza mkanda wa kifundo tundu moja zaidi. Mama mmoja aliyekuwa akichagua soksi akaguna kwa wivu, akasema wanaume wa aina hii wamebaki wachache.

—Sasa je?

—Naumia.

—Mke wangu, wewe ni muuguzi. Maumivu unayaona kila siku. Haya siyo.

—Na yule aliyekaa hapa kabla yangu, ulimwambia hivyo?

Mkono ulibaki pale kwenye kifundo. Hakuuliza yupi.

—Nani amekwambia?

—Niachie mguu.

Hakuuachia. Alizidi kutabasamu, akanong'ona kwamba watu wanawatazama. Muuzaji akasimama.

—Kocha, mwachie mteja wangu.

Ndipo vidole vikalegea, kimoja kimoja. Muuguzi alivua, akavaa sandali zake, akatoka akichechemea.

Hakufika mbali, ujumbe ukaingia. "Umeniaibisha." Kisha mwingine: "Nakupenda. Rudi tuongee." Hakujibu. Alikuwa bado anatafuta teksi ulipoingia wa tatu: "Sawa. Naenda kuongea na mtu mzima."

Mtu mzima alikuwa mmoja tu, mama yake muuguzi, ambaye alimsifia Kocha kuliko wanawe wa kuzaa. Kocha ndiye aliyemrekebishia bomba, ndiye aliyempeleka kliniki. Muuguzi alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena ndani ya teksi, tena na tena, mpaka mama akapokea, sauti iko chini.

—Yuko hapa sebuleni, amejiinamia kama mfiwa. Anasema ni wasiwasi wa harusi tu, umezua kisa dukani. Anasema viatu vilikukaa vizuri.

—Mama, nisikilize...

—Nakusikiliza. Mwenye mguu ni wewe. Uliumia?

—Niliumia. Nikamwambia. Akakaza.

Simu ikawekwa mezani bila kukatwa, na muuguzi akamsikia mama yake akimwambia Kocha:

—Baba, mwanangu anasema aliumia. Chukua funguo zako za gari. Harusi hakuna.

—Mama, hakuumia, mimi nilikuwepo...

—Mlango uko nyuma yako.