Nani Anakausha Chemchemi Yetu?

Kila asubuhi Perpetua alimfunga punda wake madumu manne, akateremka chemchemini. Zamani alirudi kabla uji haujapoa. Mwaka huu alirudi jua likiwa kali, na madumu mawili tu yamejaa.

"Maji yanakauka, Baba Abel," alimwambia mumewe.

Mumewe, Gervasi, alikuwa mkulima wa kijiji cha Masieda na mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya kanisa. Alikuwa mchapakazi, lakini alizidi kwa shaka. Kuku wake akikosa kutaga, alimtazama jirani.

"Maji hayakauki yenyewe," alisema. "Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Philomena."

Philomena alikuwa mjane mzee. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho bondeni. Hakuwa na punda wala ng'ombe, na siku hizo hakuwa akija kwenye jumuiya. Watu walimwona chemchemini kila siku saa saba mchana, peke yake.

Gervasi alijua historia ya mahali pale. Zamani wazee walitoa sadaka kwenye chemchemi hiyo, chini ya mikuyu mikubwa. Miaka kumi na miwili iliyopita yeye mwenyewe aliongoza vijana wa jumuiya kuikata mikuyu yote, ili mambo ya kale yaishe. Mahali pake alipanda mikaratusi. Ilikua haraka na kunyooka vizuri. Alikuwa anaitunza ili aezekee nyumba mpya, na kila mgeni alionyeshwa miti hiyo, atake asitake.

"Yule mama anarudisha mambo ya kale," alisema.

"Umemwona?"

"Nitamwona."

Jumanne Gervasi alijificha kwenye mikaratusi yake. Saa saba Philomena akaja. Alibeba ndoo moja na furushi la kitenge. Alipiga magoti kwenye tope akafanya jambo, lakini mgongo wake ulimkinga Gervasi asione. Kisha alikaa muda mrefu, akichota maji kwa kikombe. Hatimaye akajitwika ndoo na kuondoka.

Gervasi alitoka mafichoni. Aliona vijiti vinane vimesimama kwenye tope. Kila kimoja kilifungwa kitambaa chekundu. Aliwaza ni tambiko la kale. Aliving'oa vyote, akavitupa mbali.

Njiani alimkuta Philomena ameketi, anapumzika na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," alisema kwa haraka.

"Marahaba," alijibu Philomena. Alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Lakini maji hayakuongezeka. Wiki ile Perpetua alirudi na dumu moja.

Wakati huo alikuja Sista Zita kutoka parokiani, kufundisha jumuiya. Gervasi alikwisha kusikia habari zake. Watu walisema anafundisha kitu kinaitwa teolojia ya ukombozi. Gervasi hakulipenda neno hilo.

"Sista, ukombozi si siasa hiyo?" aliuliza. "Nchi yetu ilishapata uhuru. Tunakombolewa kutoka wapi?"

"Swali zuri, mwenyekiti. Waisraeli walipoteswa Misri, Mungu alifanya nini?"

"Alisikia kilio chao."

"Akaishia kusikia?"

"Hapana. Alimtuma Musa awatoe."

"Basi ndiyo hiyo. Katika Amerika ya Kusini, wakulima na vibarua walikutana kwenye vikundi vidogo kama jumuiya hii. Walisoma Biblia wakianzia kwenye shida za maskini. Walitazama hali ilivyo. Wakaipima kwa Neno la Mungu. Kisha wakatenda. Kuona, kupima, kutenda."

"Na sisi tuone nini?"

"Jumuiya ijayo tukutane chemchemini. Tukae kuanzia asubuhi mpaka mchana."

Gervasi alihisi mtego, lakini hakuweza kukataa mbele za watu.

Siku ilipofika, walikaa kwenye mawe na kutazama. Wenye punda walikuja kwanza. Walijaza madumu, wakaenda. Saa nne chemchemi ilibaki tope. Saa saba akaja Philomena.

"Shikamoo, mama," alisema Sista. "Kwa nini unakuja saa hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi wenye punda wanamaliza maji. Nangoja yatoke tena kidogo. Nachota kikombe kwa kikombe, mpaka ndoo moja."

Watu wakakitazama kikombe chake. Kumbe ndiyo kazi yake ya saa saba.

"Nilipanda na miche ya mkuyu hapa," aliendelea Philomena. "Nilifunga vitambaa ili wachungaji waione, ng'ombe wasiikanyage. Mtu aliing'oa."

Gervasi alitazama viatu vyake.

"Mkuyu huota hata kutoka kijiti cha tawi lililokatwa," alisema Sista Zita. "Nao mti huo unatunza chanzo cha maji. Mkaratusi unakunywa maji mengi sana, haufai hapa. Hata sheria inakataza kulima na kujenga ndani ya mita sitini za chanzo. Ardhi ikiumia, maskini anaumia kwanza. Mwenye punda ataenda mbali. Asiye na punda ataenda wapi?"

"Kwa hiyo unataka turudie mambo ya kale?" aliuliza Gervasi. Sauti yake ilikuwa kali.

"Mkuyu hauna dini, mwenyekiti. Una mizizi tu. Mngekomesha sadaka tu, mti ungebaki."

Perpetua alisimama. "Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Abel. Tumemtafuta mchawi, kumbe ni miti yetu. Mimi naweza kulala chini ya paa la zamani. Bila maji siwezi kupika."

Gervasi aliumia sana. Ile miti ilikuwa fahari yake. Lakini alikuwa amekiona kikombe cha Philomena kwa macho yake.

"Tukate," alisema.

Walikata mikaratusi, wakachimba na visiki ili isichipue. Walipanda mikuyu, Philomena akiwaonyesha namna ya kuchagua tawi. Walizungusha uzio wa miiba na kuweka birika la kunyweshea ng'ombe chini, mbali na chanzo. Wakakubaliana kwamba asiye na punda achote kwanza.

Mwaka wa kwanza maji hayakuongezeka. Kila Jumapili Gervasi alikwenda kuchungulia, akidhani Sista amewadanganya. Mwaka wa pili yaliongezeka kidogo. Kiangazi cha tatu chemchemi ilitoa maji mpaka mvua za vuli.

Asubuhi moja ya kiangazi hicho, Gervasi alisimama na punda nyuma ya Philomena. Jambo moja lilikuwa bado linamkera moyoni.

"Mama," alisema polepole, "ile miche ya kwanza niliing'oa mimi."

"Nilijua siku ile ile."

"Uliniona?"

"Sikukuona. Uliniamkia." Philomena alizamisha ndoo yake, ikajaa mara moja. "Tangu tumzike mume wangu ulikuwa unanipita njiani bila salamu, kama unapita jiwe. Siku ile ukasema shikamoo. Nikajua umeniharibia kitu."

Gervasi alisogeza madumu yake. Aliichukua ile ndoo, akaipandisha kwenye punda wake, akamfuata Philomena mpaka nyumba ya mwisho bondeni.