Kasoro za Bilauri

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja, mwezi wa Mei, mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, siku ambayo mtaa mzima uliamua kutoa nje aibu zake na kuziuza. Kila ua ulitandikwa mashuka, na juu ya mashuka hayo pakalazwa kila kilichowachosha wenyewe: pasi zisizoshika moto, viatu vilivyopoteza wenzao, fremu za picha za harusi ambamo maharusi walikwisha kutolewa. Wanunuzi waliinama kama kuku wanaodonoa.

Aliyesimama wima alikuwa mmoja tu, Bilauri. Jina hilo alipewa dukani alikouza vyombo vipya vya kioo na kaure, maana hata kutembea kwake kulikuwa kwa mtu anayeogopa kugongwa akavunjika. Alivaa gauni la rangi ya maziwa lililopigwa pasi bila huruma, na viatu vyeupe, katikati ya vumbi lile. Aliletwa na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyempokea nyumbani kwake ndoa yake ilipovunjika miaka mitatu kabla.

"Shangazi, vitu vya watu hivi! Kikombe kimepita midomo usiyoijua, nawe unakipeleka kinywani?"

"Na hotelini unakula kwa kijiko cha nani, cha mama yako?" Shangazi hakuinua kichwa. "Shika kikapu, uache kuninusia soko."

Bilauri alishika kikapu kwa vidole viwili. Ndipo macho yake yakaangukia taa ya mezani yenye kofia ya kioo cha kijani. Asingekubali kukiri mbele ya mtu yeyote, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Ulipoishika kofia, mkono mwingine uliishika taa ile ile kwenye kitako. Mkono wa vidole virefu vilivyounguzwa hapa na pale na lehemu.

"Samahani, dada," alisema mwenye vidole. "Wewe umeshika kichwa, mimi nimeshika miguu. Tutampasua mtoto wa watu."

"Mchukue. Nilikuwa natazama vumbi lake tu."

"Basi vumbi nitakufutia nikuletee, taa nibaki nayo."

Alikuwa fundi wa taa, mrefu kupita busara, bisibisi ikichungulia mfukoni mwa shati. Suruali yake iliishia juu ya vifundo vya miguu kana kwamba imegombana na viatu. Bilauri alimpima kutoka juu hadi chini, akaona hakuna cha kupenda, akaendelea kumtazama.

Kabla hajapata jibu kali la kutosha, mwanamke mfupi mwenye kilemba chekundu alijipenyeza kati yao na kuitwaa taa. Huyo alikuwa mama mzazi wa Fundi Taa, na wauzaji wote wa uani walimwita Mama Kasoro.

"Hii ndiyo taa?" alimuuliza mwenye ua, kama anayeuliza habari za msiba. "Kofia imepinda. Waya umeliwa na panya wasio na njaa. Na huu ukijani ni wa ugonjwa. Mtu akikaa chini yake atasoma au atatapika? Tena imetumika hii, imetumika mpaka basi."

Mwenye ua aliona haya, akashusha bei. Mama Kasoro alilipa huku amekunja uso kama anayemeza dawa, akaikumbatia taa kifuani. Palipokuwa na chombo cha maua kinachomeremeta alisimama kidogo. "Hongera, mama. Kizuri sana hiki, kinapendeza mno," akasema kwa adabu kubwa, akapita bila kugeuka nyuma.

Bilauri aliona yote mawili. Alichojifunza ni kwamba yule mama hana adabu.

"Usimwogope," Fundi Taa alimnong'oneza.

"Mimi simwogopi. Naihurumia taa."

"Nipe namba yako. Ikiwaka nitakupigia."

"Na isipowaka?"

"Nitakupigia unipe pole."

Alimpigia jioni ile ile. "Imewaka!" alipiga kelele, na nyuma yake Bilauri akasikia watu wakipiga makofi. Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba kila Jumamosi walivitandaza mezani jikoni walivyoviokota kwenye nyua za watu. Dada yake aliosha, mama yake alisugua, Fundi alifunga nati, na kila kilichofufuka kilishangiliwa.

"Mbona wanapiga makofi tena?"

"Kifungulia kopo kimefungua kopo."

Bilauri alicheka mpaka Shangazi akaja kuchungulia mlangoni. Yeye, dukani kwake, alifungua maboksi ya kiwandani kila asubuhi, na alikuwa hajawahi kusikia mtu akiipigia makofi sahani.

Basi Jumamosi zikafuatana. Alianza kwa kusindikiza, akaendelea kwa kushika, na mwisho akanunua kijiko cha chumvi na kukificha mkobani kama mwizi. Fundi alimwita "Bilauri wangu," naye alimwita "Kirefu," na simu zao zilikuwa hazina maana wala mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umebadilisha ile suruali?"

"Hii ndiyo ya kutokea."

"Basi usitoke."

Siku moja alimweleza habari za ndoa yake. Aliolewa na mwanamume ambaye kitu pekee alichowahi kukikamilisha ni usingizi. Mama mkwe alimsifu mbele ya wageni mpaka maneno yakamwishia: mkwe mzuri, mkwe anayependeza. Mwaka ulipokwisha, mama na mwana wakamrudisha kwa Shangazi kama watu wanaorudisha chombo dukani, bila hata kasoro ya kuonyesha. Tangu hapo wanawake fulani wa mtaani, ambao waume zao wenyewe huwakimbia kwa kisingizio cha mpira, walimwita mtumba.

"Nimesikia," Fundi alisema.

"Umesikia tu? Hushtuki?"

"Laazizi, sijapata kupenda kitu kilichotoka kwenye boksi."

Alilia kidogo, kisha akamwomba jambo moja: mama yake asiambiwe. Angemwambia mwenyewe, siku atakapopata moyo. Fundi aliahidi.

Siku ya kwenda kujulishwa nyumbani, Bilauri alivaa gauni la buluu la mikono mirefu, akabeba bilauri sita mpya kutoka dukani kwake. Mama Kasoro alizipokea kwa mikono miwili. "Vizuri sana. Vinapendeza mno," akasema, akazipandisha juu ya kabati zisikoweza kufikiwa na mtu.

Kisha akamsimamisha mgeni chini ya ile taa ya kijani, akamzunguka.

"Geuka. Mh! Shingo ndefu yote hii, ya nini? Miguu myembamba, itabeba mzigo gani? Mikono laini, haijui jivu wala sabuni." Akamshika kidevu na kumtazama machoni. "Na si mpya huyu, mwanangu. Ametumika huyu, ametumika mpaka basi."

Dada mtu alicheka kwa furaha. Na Fundi Taa, aliyesimama mlangoni, uso ulimng'aa kwa tabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomchoma Bilauri. Alimwona mwanamume aliyeahidi kunyamaza, na mama aliyekwisha kuambiwa kila kitu. Akaiweka chini soda yake bila kuinywa.

"Asante kwa kunipima, mama. Aliyenisifu alinirudisha. Wewe unayenitukana siku ya kwanza, ya mwisho utanifanya nini?"

Akatoka. Fundi alimfuata mpaka barabarani kwa hatua zake za korongo.

"Ulicheka!" Bilauri alimwambia.

"Sikucheka, nilifurahi! Mama aliposema yale, mimi—"

"Ulifurahi?"

Huyo ni mtu aliyejua kila waya wa kila taa, lakini mbele ya mwanamke anayelia alishika waya wa moto kwa mikono miwili. Bilauri alikwenda zake, akaifungia namba yake.

Fundi akapiga kwenye simu ya Shangazi, naye Shangazi akampa Bilauri. "Nisikilize, mpenzi. Mama alikuwa anakusifu!"

"Basi mwambie anisifu kidogo kidogo, nisije nikafa."

"Ndivyo tunavyonunua sisi! Tunachokitaka—"

"Mimi nauzwa wapi?" akauliza, akakata.

Wiki zilipita. Alisimama dukani ameumia, hana hata hamu ya kupanga vikombe. Mwenye duka, mtu wa manukato mengi na mishahara michache, alimwambia atabasamu kwa ajili ya wateja, naye alitabasamu kwa namna iliyowafukuza.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, na kilemba chekundu kikaingia. Mama Kasoro hakumtazama. Alianza kwenye rafu ya kwanza.

"Vizuri sana hivi," alimwambia mwenye duka. "Hongera, baba. Na hivi vinapendeza mno. Loo, kizuri hiki."

Mwenye duka alivimba, akamfuata rafu kwa rafu huku akisugua mikono, akikadiria kikapu kitakavyojaa. Mama Kasoro alisifu duka zima, na hakugusa hata kijiko.

Bilauri alitazama. Akakikumbuka chombo cha maua kilichosifiwa na kuachwa uani. Akazikumbuka bilauri sita zilizosifiwa na kupandishwa kabatini. Akaikumbuka taa ya kijani iliyotukanwa vile, jinsi ilivyokumbatiwa kama mtoto mchanga. Na mwisho akamkumbuka mama mkwe wa kwanza na sifa zake zote. Akaegemea meza.

Mama Kasoro alikuwa amefika mbele yake.

"Umekonda," alisema, na sauti haikumtii vizuri. "Macho yamevimba. Gauni halikukai. Na sauti yako ya kukatia watu simu, sijapata kusikia sauti mbaya kama ile."

"Mama..."

"Ngoja, nisije nikasahau nilichojia. Neno lile la kutumika nalisema kwa kila ninachotaka kwenda nacho nyumbani. Sikujua habari zako. Mwanangu alitunza siri yako mpaka jana, akaniambia kwa kulia, mtu mzima mwenye futi sita! Kosa ni langu, nami nalilipia bila kuomba nipunguziwe." Akavuta kilemba, akafuta uso kwa ncha yake. "Jumamosi tunauza uani kwetu. Uje usije, shauri yako. Mikono laini hiyo hainisaidii kitu."

Mwenye duka aliuliza mteja yule amenunua nini. "Bado," Bilauri alimjibu. "Anapigania bei."

Jumamosi ile ua wa kina Fundi ulijaa watu. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya meza akifunga swichi asiyoiona. Bilauri aliingia akiwa amevaa lile gauni la rangi ya maziwa, safari hii bila pasi, na makubadhi ya zamani ya Shangazi. Shangazi alimfuata na kikapu, amebana midomo asicheke. Bilauri akapita meza zote, akasimama mbele ya Fundi.

"Hiki kirefu nacho kinauzwa?"

Mama Kasoro aliinuka kwenye kigoda chake, akashika kiuno. "Kinauzwa. Lakini kwa mtu anayejua vitu."

"Anayejua vitu angekimbia. Tazama masikio, kama mishikio ya sufuria! Miguu imeizidi suruali. Na tabasamu linawaka pasipotakiwa, ukilihitaji, limezima. Tena naambiwa hakijawahi hata kutumika. Nani anajua kama kinafanya kazi?"

Watu waliangua kicheko. Mama Kasoro alijikaza uso.

"Bei haipungui," alisema.

"Basi nakichukua kama kilivyo. Huko nyumbani nitajua pa kukiweka."

Fundi alisimama. Swichi ilimwanguka, nati zikatawanyika mavumbini, na hakuna aliyeinama kuziokota. "Na mimi siulizwi?"

"Kitu cha kuuzwa huulizwa?"

"Shingo ndefu," Fundi alianza, naye akainua mkono kumhesabia kasoro kama alivyofundishwa na mama yake. "Miguu myembamba. Kiburi kama cha..." Akakwama.

"Endelea," Bilauri alimwambia polepole, bila kuinamisha macho. "Kuna moja umeiruka. Iseme mbele za watu."

Fundi alishusha mkono aliokuwa akihesabia.

"Umetumika," Fundi alisema. "Vibaya, na watu wasiojua thamani ya kitu. Nioe, Bilauri, au nikuoe, kwa vyovyote vile. Nataka mimi na wewe tuchakae pamoja."

Bilauri alimjibu sikioni, na dada mtu akapiga makofi kama siku ile ya kifungulia kopo, na ua wote ukaitikia.

Katika zogo lile, mwanamke mmoja mwenye miwani alikuwa ameziona mezani zile bilauri sita zilizoshushwa kabatini ziuzwe, mpya, bado zina vibandiko. "Mama, hizi zinauzwaje? Nzuri kweli."

Mama Kasoro alizivamia, akazikumbatia zote sita.

"Nzuri wapi!" alifoka, machozi yakimtiririka. "Kioo chepesi, umbo la ovyo, hazina maana yoyote hizi. Haziuzwi!"

Nawe uliyefika hapa, usiikunje hadithi hii ukaifungia kabatini. Haipungui kwa kupita mikononi mwa watu. Mpe dada yako, mpe wifi yako, mpe jirani anayependa kuwaita wenzake mitumba. Akikwambia ni ya ovyo, imepinda na haina maana, usibishane naye. Tazama tu kama atakurudishia.